Karatasi na Mwenyeji Wake



Nilikuwa Kashikishi, mji wa wavuvi uliopakana na Nchelenge katika ufuko wa mashariki wa ziwa la Mweru, huko kaskazini ya Zambia, nimeketi kivulini nikingoja mashua karibu na mahali panapoanikwa chisense, yaani wale dagaa wa ziwa hilo ambao huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana hata harufu yao ikawa inampokea mgeni kabla ya watu, ndipo aliponijia binti mmoja wa Kikongo, kitenge chake kimefungwa vizuri na mkononi ana mfuko wa plastiki uliokazwa kwa mpira, akapiga goti kidogo kama ilivyo ada ya kule, akasema: "Papa, samahani. Balinipa hii karatasi, lakini sijue iko ya masomo ao ya kutembea."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha Katanga, ambacho sisi watu wa pwani tuna tabia mbaya ya kukicheka, ilhali swali lenyewe lilikuwa fasaha kuliko maswali mengi niliyopata kuulizwa na wenye shahada. Mfukoni mlikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa cheti chake cha ukimbizi. Ya pili ilikuwa pasi ya kutoka katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyo katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge, na juu yake zimeandikwa siku alizoruhusiwa kuwa nje na sababu ya safari, ambayo ni biashara. Ya tatu, iliyokunjwa mara nne na kuanza kukatika katika mikunjo, ilikuwa barua ya chuo kimoja cha Copperbelt inayomwambia kwamba amekubaliwa kusomea uuguzi, na mwishoni, kwa maandishi madogo, kwamba mwanafunzi asiye raia sharti afike na kibali cha masomo. Kwa wiki tatu yule binti alikuwa akiamini kwamba barua hiyo ndiyo kibali chenyewe, na mtu mmoja sokoni alikuwa amekwisha mshauri apande basi tu, maana mambo, kwa maneno ya huyo mshauri, yatanyookea hukohuko.

Basi nimeona mazungumzo ya jioni hii yawe juu ya jambo hilo, kwa sababu si la binti wa Mantapala peke yake. Kila mwaka vijana wetu, kutoka Kigoma na Mombasa, Bukavu na Unguja, hutoka majumbani kwenda kutafuta elimu au ujira katika nchi za watu, na wengi wao hutoka na neno moja tu kinywani, nalo ni viza. Viza ni rukhusa ya kufika mlangoni na kubisha hodi. Kibali ni rukhusa ya kukaa ndani na kufanya shughuli iliyotajwa, na kufanya hiyo tu. Barua ya chuo au mkataba wa kazi si hiki wala si kile. Lakini barua hiyo, ambayo haina nguvu ya kumvusha mtu hata daraja, ndiyo asili ya vyote viwili, kwa kuwa inamtaja mtu wa tatu ambaye wasafiri wetu humsahau, naye ni mwenyeji. Ni vibali vichache duniani visivyo na mwenyeji wake, na anayekukaribisha ndiye huyo huyo awezaye kukuzuia.

Watu wa ufuko wa Mweru walilijua hilo kabla ya kuwako kwa muhuri wala idara. Kusini kidogo ya ziwa, katika bonde la Luapula, ndiko kulikokuwa na enzi ya Mwata Kazembe wa Walunda, na hakuna msafiri aliyepita nchi ile bila ya idhini yake. Mwaka 1806 walifika kwake watu wawili wa Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, waliokuwa katika utumishi wa mfanyabiashara wa Kireno, nao walikusudia kuvuka bara mpaka Tete, kwenye mto wa Zambezi. Walikaribishwa, wakapewa chakula na mahali pa kulala, kisha wakakaa miaka minne kabla njia haijafunguka. Leo mwombaji akicheleweshewa jibu miezi minne hudhani kwamba dunia imeharibika jana.

Habari ya pili yatuhusu sisi kwa karibu zaidi. Mpelelezi Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi wa Novemba 1867, siku chache baada ya kuliona ziwa la Mweru, alimkuta huko Mwarabu wa biashara, Mohamed bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Hakutiwa gerezani, alikuwa na nyumba, alikuwa na watu wake, alilima na kula, ila kuondoka hakuruhusiwa. Livingstone alikuwa na barua ya Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, ambayo ilimfaa zaidi kati ya wafanyabiashara wa pwani kuliko vyeo vyake vyote vya Uingereza, na kwa kuitumia barua hiyo akamwombea mwenzake rukhusa, hata mzee yule akatoka akaelekea Ujiji. Tazama basi hali ilivyokuwa: mgeni mmoja amefungika kwa sababu mwenyeji wake hataki kumwachia, na mgeni mwingine anapita kwa sababu mfukoni ana jina la mtu anayeheshimiwa. Ningeambiwa nieleze uhamiaji wa zama zetu kwa mfano mmoja, nisingetafuta mwingine.

Nikiwa hapo, niruhusuni nikumbushe kwamba neno hongo, ambalo leo hutumika kwa rushwa na kwa aibu, zamani lilikuwa jina la ushuru wa halali ambao msafara ulitoa kwa mtawala wa nchi ili upite salama. Ushuru huo siku hizi huitwa ada ya maombi, nao haurudishwi hata ukinyimwa.

Mpaka wenyewe ulikuja baadaye. Mapatano ya Waingereza na Mfalme Leopold ya mwezi wa Mei 1894 yaliufanya mto Luapula na ziwa la Mweru kuwa mpaka, ukazungushwa kisiwa cha Kilwa ili kibakie upande wa Waingereza, na msikilizaji wa pwani asidhani kwamba nasema Kilwa Kisiwani, maana kule ziwani kiko kisiwa cha Kilwa na ng'ambo, katika ardhi ya Kongo, uko mji wa Kilwa, navyo havina magofu ya misikiti bali vina nyavu na mitumbwi. Ndugu wa lugha moja na ukoo mmoja wakajikuta wageni wao kwa wao. Hata hivyo serikali za kikoloni hazikuona ubaya watu kuvuka ilimradi wavuke kwa faida yao: kampuni ya Robert Williams iliandika vibarua wa Rhodesia ya Kaskazini na kuwapeleka katika migodi ya shaba ya Katanga tangu miaka ya mwanzo ya karne iliyopita hadi mwanzo wa miaka ya thelathini, na samaki wa Mweru nao wakawafuata huko huko kuwa kitoweo chao. Mfanyakazi alibeba chitupa, ndugu wa kile kipande cha Kenya, na chitupa kilisema yeye ni nani na yuko chini ya nani. Wazee wa Nchelenge bado hulitamka neno hilo kwa sauti ya mtu anayetema kitu.

Sasa tuje katika sheria ya leo, nami nitasema kwa kirefu kuhusu Zambia kwa kuwa wasikilizaji wetu wa Kongo na Tanzania huitumia nchi hiyo zaidi kuliko wanavyodhani watu wa miji mikuu. Sheria ya Uhamiaji na Uhamisho, namba 18 ya mwaka 2010, imegawa wageni katika mafungu, na kila fungu lina kibali chake. Mtanzania au Mkenya huingia Zambia pasipo viza, jambo jema, lakini wema huo ndio uliowaponza wengi, kwani mtu akiisha kuingia bila kuulizwa viza hudhani kwamba ameruhusiwa na kazi, ilhali amepewa kutembea tu, siku tisini kwa mtalii katika mwaka na siku thelathini kwa aliyekuja kwa shughuli za biashara. Anayetaka kusoma sharti awe na kibali cha masomo, nacho hutolewa kwa ithibati ya chuo kilichomkubali. Anayekuja kwa kazi ya muda usiozidi miezi sita ana kibali cha ajira ya muda. Zaidi ya hapo ni kibali cha ajira kamili, na hapo mwajiri ndiye mwombaji, naye hutakiwa aeleze kwa nini kazi hiyo haikupata raia wa kuifanya. Kibali hicho humtaja mwajiri kwa jina. Ukimwacha, umeacha na kibali.

Liko pia fungu la wawekezaji, ambalo dalali wa viza hupenda kulitaja kwa sababu lina sauti ya utajiri. Mgeni anayeanzisha kampuni anatakiwa awe na mtaji wa dola 250,000, na anayejiunga na kampuni iliyopo, dola 150,000. Nilimweleza habari hiyo mama mmoja anayeuza chisense kwa magunia, mwenyeji wa Pweto, upande wa Kongo, ambaye amevuka ziwa na kurudi kwa miaka mingi kuliko umri wa sheria yenyewe. Alinitazama, akayatazama magunia yake manne, akaniuliza kama gunia moja ningelihesabu dola ngapi. Kwa watu kama yeye sheria imeweka kibali cha mpakani, na ni vyema kimewekwa, ila kibali hicho ni cha kuvuka na kurudi. Hakimfanyi mtu mwanafunzi wala mwajiriwa.

Na mkimbizi je? Hapo maneno yanataka upole. Zambia ina jina zuri katika kupokea watu wenye dhiki, nami siongezi chumvi: Mayukwayukwa ilipokea Waangola tangu 1966, Meheba tangu 1971, na Wakongo waliokimbia vita vya mwisho wa karne walikaa Mwange na Kala, si mbali na Mweru, mpaka makambi hayo yalipofungwa mwaka 2010. Ghasia za majimbo ya Kongo ya Tanganyika na Haut-Katanga zilipowatoa watu tena mwaka 2017, walipokewa kwanza Kenani, kisha tangu mwanzo wa 2018 wakapelekwa Mantapala, ambako mpango ulikuwa kwamba mgeni na mwenyeji watumie shule moja na zahanati moja, na mkimbizi apewe shamba la kulima badala ya kungoja mgao. Ni mpango wenye insafu. Walakini Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, hapo mwaka 1969, ilijiwekea pingamizi katika vifungu vya ajira, elimu na uhuru wa kutembea. Na Sheria ya Wakimbizi namba 1 ya 2017, ingawa imeifuta ile ya mwaka 1970 iliyokuwa kali, bado inamrudisha mkimbizi kwenye sheria ya uhamiaji anapotaka kufanya kazi au kusoma nje ya makazi. Sera ya Taifa ya Wakimbizi iliyotangazwa mwaka 2024 imekusudia kuyalegeza hayo, na mimi ni katika wanaoitakia heri. Lakini sera husomwa Lusaka, na pasi huulizwa barabarani.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba binti yule, aliyekuwa mfanyabiashara mdogo, mwanafunzi mtarajiwa na mkimbizi kwa wakati mmoja, sharti achague awe nani kila anapofika kizuizini. Pasi yake ilisema biashara. Lau angepanda basi la Copperbelt kwa ushauri wa yule mtu wa sokoni, askari angemkuta ana barua ya masomo katika safari ya biashara, na haki yake yote ingegeuka kosa kwa sababu ya neno moja.

Wako watakaoniuliza: na hizi jumuiya zetu za mataifa zina kazi gani? Ni swali la haki, kwa maana ufuko wa Mweru ni mahali pazuri pa kuzipima. Kongo na Zambia zote mbili zimo katika SADC na katika COMESA. Tena tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Zambia haimo, hata ikawa mvuvi akielekea magharibi anaingia katika soko la pamoja na akielekea mashariki anatoka. Itifaki ya soko hilo, iliyoanza kazi Julai 2010, inataja uhuru wa wafanyakazi kutembea, na Kenya, Uganda na Rwanda zimekwisha ondoleana ada ya vibali vya kazi. Ama SADC, itifaki yake ya elimu ya mwaka 1997 inataka vyuo vya nchi wanachama vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine za jumuiya, na watozwe ada kama wenyeji. Ni wanafunzi wachache wanaojua kuuliza juu ya hilo. Nawasihi waulize, tena kwa barua, na wahifadhi jibu, hata likiwa la kukataliwa.

Ng'ambo ya bahari mambo yamebadilika sura, si asili. Uingereza mwanafunzi hutoka na namba ya uthibitisho aliyopewa na chuo chenye leseni ya kudhamini wageni, huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na akihitimu, tangu Julai 2021, hupewa miaka miwili ya kukaa na kutafuta kazi pasipo mdhamini, muda ambao kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 wakiwa na shahada ya kwanza au ya pili mkononi utapunguzwa uwe miezi 18. Baada ya hapo sharti apatikane mwajiri mwenye leseni. Nimetaja leseni mara mbili kwa makusudi. Miaka michache iliyopita nchi hiyo ilifungua mlango wa wahudumu wa wazee na wagonjwa, na watu wengi wa Afrika, wenye diploma na wasio nazo, waliuza mashamba na magari wakaenda. Baadhi waliwakuta waajiri kweli. Wengine walikuta kampuni ya mezani, isiyo na mgonjwa hata mmoja wa kuogeshwa. Na serikali ilipoinyang'anya kampuni leseni, mgeni asiye na hatia alipewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya wa nje tarehe 22 Julai 2025.

Marekani mwanafunzi hupewa, baada ya masomo, mwaka mmoja wa kufanya kazi katika fani yake, na miezi 24 zaidi akiwa amesoma sayansi au ufundi. Baadaye hutegemea bahati nasibu ya viza za wataalamu 85,000 kwa mwaka, ambayo mwezi wa Septemba 2025 iliwekewa malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje. Lakini lililo gumu kwa vijana wetu si hesabu hizo. Ni ile kanuni ya sheria yao kwamba kila mwombaji wa viza ya masomo anahesabiwa kuwa amekuja kuhamia mpaka athibitishe kwamba atarudi kwao. Sisi tulilelewa kumwambia mwenyeji kwamba tumefurahi mno hata hatutaki kuondoka, nao wanataka kusikia kinyume chake.

Ghuba ndiko mwenyeji alikopewa jina lake bila kificho: huitwa kafili, na neno hilo lina udugu na kafala, dhamana. Dada zetu wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wamelijifunza jikoni kwa watu. Oman iliondoa, tangu Januari 2021, sharti la mfanyakazi kupata barua ya mwajiri wa zamani kabla ya kwenda kwa mwajiri mpya, na kabla ya hapo mtu aliyemaliza mkataba wake wote aliweza kunyimwa barua hiyo akabaki nje ya nchi akisubiri. Mohamed bin Saleh angaliielewa hali hiyo kwa neno moja.

Ndiyo sababu, dalali anapokuja na kusema anayo viza ya kuuza, mimi humwuliza swali moja tu: mwenyeji ni nani? Si nchi gani, si mshahara kiasi gani. Chuo gani, mwajiri gani, na jina hilo limo katika daftari la serikali ile au halimo? Baadhi ya madaftari hayo siku hizi yamo katika intaneti na husomwa bure. Dalali wa kweli hutaja jina kabla ya kutaja bei. Wa uongo huanza kusifu hali ya hewa.

Nirudi Kashikishi, maana mashua yangu ilikuwa imekwisha onekana. Nilimweleza binti kwamba barua yake ni nzuri, kwamba mwenyeji anaye, na kwamba kilichobaki ni kupeleka barua hiyo kwa ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi ili kibali cha masomo kiombwe kwa njia yake, na kwamba aulize papo hapo habari za ufadhili wa DAFI, ambao Wajerumani wamewasaidia nao wakimbizi kusoma vyuo vikuu tangu 1992, nami sikumwambia kwamba ataupata. Pasi yake ilikuwa inaisha siku hiyo. Ilimbidi arudi Mantapala, aombe pasi nyingine, na katika fomu ya pasi uko mstari mmoja tu wa kuandikia sababu ya safari.

Akaniomba kalamu. Nilimpa na kipande cha karatasi ajaribie. Akapiga mstari wa urefu anaoukumbuka, akaandika juu yake, kwa herufi kubwa na polepole, kwamba anakwenda kuomba kibali cha masomo ya uuguzi. Maneno yalifika mwisho wa mstari kabla ya masomo. Akageuza karatasi, akapiga mstari tena, akaanza kuandika kwa herufi ndogo.